Ndege ya Mwanza hadi Bukoba: tathmini ya umbali, muda na thamani ya nauli

Kati ya Kiwanja cha Ndege cha Mwanza na Kiwanja cha Ndege cha Bukoba kuna kilomita 175 hivi za angani, ambazo kwa kipimo cha marubani ni maili za baharini 94. Ni umbali mdogo, na karibu wote unapita juu ya maji ya Ziwa Victoria. Anayekwenda kwa barabara kati ya miji hiyo hiyo miwili hulazimika kulizunguka ziwa kwa upande wa kusini na magharibi, akipitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, na mwendo wake huzidi kilomita 400. Tofauti hiyo ndiyo inayoiuza ndege. Katika tathmini hii nataka kuipima huduma hii kwa kipimo kinachomfaa msafiri, yaani saa anazotumia tangu anapofunga mlango wa nyumba yake Mwanza hadi anapokaribishwa na mwenyeji wake Bukoba, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba dakika zilizoandikwa kwenye tiketi, ingawa ni za kweli, hazimtoshi mtu kufanya uamuzi.

Jiografia ya njia hii inapendeza. Bukoba iko kaskazini ya Mwanza kwa digrii 1.1 za latitudo na magharibi yake kwa digrii 1.1 za longitudo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako digrii hizo mbili zinakaribia kulingana kwa urefu, ndege huelekea kaskazini-magharibi karibu sawasawa. Njia za kurukia za viwanja vyote viwili zimelala kwa mwelekeo unaokaribiana na huo, ya Mwanza ikitambulishwa kwa tarakimu 12/30 na ya Bukoba kwa 13/31 (yaani nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi), kwa hiyo hali ikiwa nzuri rubani anaweza kuondoka Mwanza akielekea ziwani na kutua Bukoba akitokea ziwani bila kona kubwa. Abiria aliyekaa dirishani upande wa kulia huiona Ukerewe mapema, na aliye kushoto huiona Kome kwa mbali, kisha maji matupu kwa muda, kisha Bumbire na visiwa vinavyoizunguka, na mwisho kisiwa cha mawe cha Musira kilicho mbele ya mji wa Bukoba. Kwa mandhari peke yake sijui safari fupi ya ndani ya Tanzania inayoizidi hii, na ninamshauri kila anayeipanda mchana aombe kiti cha dirishani.

Sasa tuje kwenye muda. Ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria 12 hivi, huenda kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa ikishatulia angani, kwa hiyo kilomita 175 huzimaliza kwa dakika 35 au zaidi kidogo, na ukiongeza kutembea kwake ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua unapata dakika 40 hadi 45. Ndege kubwa zaidi za pangaboi, kama ATR 42 au ATR 72, zina uwezo wa kufikia kilomita 500 kwa saa na kuzidi, na Dash 8-400 inazipita zote hizo kwa kasi. Mtu angetarajia kwamba Dash 8-400, iliyo na mwendo wa zaidi ya mara mbili ya ule wa Caravan, ingeukata muda wa safari kwa nusu. Haiwi hivyo. Katika safari ya umbali huu ndege hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikipanda na ikishuka, na kipindi cha kuvuta kasi yake kamili hakifiki hata dakika 10. Ndege kubwa pia huchukua muda mrefu zaidi kutoka mahali ilipoegeshwa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, hupakia abiria wengi zaidi, na husubiri mizigo mingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba faida ya kasi yote hiyo haizidi dakika 10, na mara nyingi hupotea kabla ndege haijaondoka ardhini.

Hapo ndipo ninapoyaona mapungufu ya mahesabu ya umbali na muda ambayo wasafiri wengi huyatafuta mtandaoni kabla ya kukata tiketi. Mengi ya mahesabu hayo huchukua umbali wa mstari wa angani, huugawanya kwa kasi ya ndege kubwa ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya kuruka na kutua. Ukiifanya hesabu hiyo kwa Mwanza na Bukoba, utapata dakika 13 za mwendo na dakika 30 za nyongeza, jumla dakika 43. Jibu hilo linafanana sana na muda wa kweli, lakini limefika hapo kwa bahati, kwa sababu si jeti zinazotoa huduma kwenye njia hii. Makosa mawili yamefutana: kasi imekadiriwa juu mno, na nyongeza ya nusu saa imekuwa kubwa kuliko inayohitajika kwa ndege ndogo. Msafiri anayelichukua jibu hilo na kwenda nalo kwenye njia nyingine, kwa mfano ya Caravan inayokwenda kilomita 500, atapewa muda mfupi mno na atashangaa kwa nini amechelewa.

Wanaotoka Dar es Salaam nao wana jambo la kujifunza kutokana na umbali huu. Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi za angani, na kutoka hapo hapo hadi Bukoba moja kwa moja ni kilomita 1,024 hivi. Ukijumlisha 850 na 175 utaona kwamba kupitia Mwanza hakuongezi hata kilomita tano, kwa sababu Mwanza iko karibu kabisa juu ya mstari unaounganisha Dar es Salaam na Bukoba. Kwa umbali, basi, ndege inayotua Mwanza kwanza haijapotea njia hata kidogo. Kwa muda, mambo ni tofauti kabisa: kushuka, kutua, kushusha abiria, kupakia wengine, kuongeza mafuta inapohitajika na kuruka tena hugharimu kati ya dakika 45 na saa nzima. Nimekutana na abiria wengi wanaochagua safari ya kupitia Mwanza kwa kuamini kwamba ni mzunguko mdogo tu, kisha wakalalamika kwamba wamefika jioni. Umbali haukuwadanganya, ni kusimama kulikowachelewesha. Na kwa abiria anayepandia Mwanza, mpangilio huu una maana kwamba ndege yake ya dakika 40 inategemea iwapo ile iliyotoka Dar es Salaam imeondoka kwa wakati, jambo ambalo hana namna ya kuliona akiwa amekaa kwenye ukumbi wa kusubiria.

Kwa hiyo hesabu ya mlango hadi mlango inakwendaje? Kiwanja cha Mwanza kiko Ilemela, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya jiji, na njia ya kawaida ni kupitia Kirumba na Pasiansi. Asubuhi mapema huchukua dakika 20, lakini saa za watu kwenda kazini ni vyema kuweka dakika 40. Mashirika hutaka abiria awe kaunta saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka. Ongeza dakika 45 za safari yenyewe na dakika 15 za kushuka na kupokea begi, na jumla yake inakaribia saa tatu. Hizo ndizo saa za kweli za safari ambayo tangazo lake linasema dakika 40, na bado ninaziona ni chache, kwa sababu njia nyingine yoyote inachukua zaidi ya mara mbili ya hizo.

Mwisho wa safari, upande wa Bukoba, ni mzuri kuliko abiria wengi wanavyotarajia. Kiwanja kiko ndani ya mji, ufukweni, na mtu mwenye begi dogo anaweza kutembea kwa miguu hadi sehemu kubwa ya katikati ya mji. Bodaboda ni za karibu na teksi zipo. Hakuna foleni ndefu ya ukaguzi, hakuna ukumbi mkubwa wa kupotelea, na begi lako utalipokea ukiwa umeliona likishushwa kwenye ndege. Ninakisifu kiwanja hiki kwa moyo wote kwa jambo hilo moja, kwamba kinaheshimu muda wa msafiri baada ya kutua. Viwanja vingi vipya duniani hujengwa mbali na miji, na muda unaookolewa angani hurudishwa wote barabarani.

Hata hivyo, kuwa ndani ya mji na kando ya maji kuna gharama yake. Njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa takribani mita 1,500, wakati ya Mwanza inazidi kilomita 3. Viwanja vyote viwili viko kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kupata nguvu ya kuinuka. Ndiyo maana jeti zinazotua Mwanza kila siku hazionekani Bukoba, na ndiyo maana idadi ya viti kwenye njia hii imefungwa na ukubwa wa ndege za pangaboi. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine kuna mji na vilima, na nafasi ya kurefusha ni ndogo. Eneo la Omukajunguti, wilayani Missenyi, limekuwa likitajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pa kiwanja kipya, na wenyeji wa Kagera wana maoni yao mazito juu ya suala hilo. Mimi naona hivi: kiwanja kipya kitaleta ndege kubwa na nauli zinazoweza kushuka, lakini wakati huo huo kitamwongezea abiria wa kutoka Mwanza safari ya barabarani ambayo leo haihitaji.

Hali ya hewa ndiyo inayotawala njia hii kuliko kitu kingine chochote, na tathmini isiyolieleza hilo haimtendei haki msomaji. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji ya ziwa. Upepo hutoka kandokando ya ziwa kwenda katikati, hukutana huko, na hewa yenye unyevu hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Kwa kuwa upepo wa jumla wa ukanda huu hutoka mashariki, dhoruba hizo husukumwa kuelekea ufukwe wa magharibi, ambako ndiko Bukoba iko. Ndiyo sababu mji huo hupata mvua nyingi hata kuliko miji mingine ya ziwa, na ndiyo sababu mvua zake kubwa mara nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi, saa zile zile ambazo ndege za kwanza hupangwa kuwasili. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi mara nyingi anga huwa imeshafunguka. Miezi ya Machi hadi Mei ndiyo mizito zaidi, na mvua za Oktoba hadi Desemba hufuata.

Hakuna anayeweza kuandika juu ya kutua Bukoba bila kutaja tarehe 6 Novemba 2022. Asubuhi hiyo ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, safari namba PW494 iliyotoka Dar es Salaam, iliangukia ziwani katika hali mbaya ya hewa ikiwa inakaribia kutua. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokoka. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo kabisa kusaidia, kwa mitumbwi yao. Watu wa Bukoba bado wanaizungumzia ajali hiyo kwa majina ya ndugu na majirani, na abiria anayeshuka hapo hushuka mita chache tu kutoka maji yale. Ninaitaja kwa sababu inabadilisha namna tunavyopaswa kuupima ucheleweshaji kwenye njia hii. Rubani anayesubiri Mwanza kwa saa mbili mpaka mvua ya Bukoba ipungue, au anayefika juu ya Bukoba, akaiona hali haifai na kurudi Mwanza, ametoa huduma iliyo bora. Abiria anayempigia kelele mhudumu kwa sababu hiyo anadai kitu ambacho hatakiwi kukidai.

Kinachopaswa kudaiwa ni taarifa. Hapa ndipo ninapokuwa na lawama ya haki. Niliwahi kukaa kwenye ukumbi wa kusubiria asubuhi nzima, pamoja na abiria wengine wakiwamo wazee na mama mwenye mtoto mchanga, huku wafanyakazi wa shirika moja wakituambia kila baada ya muda kwamba ndege inakuja sasa hivi. Haikuwa kweli, na walijua kwamba si kweli, maana ndege yenyewe ilikuwa haijaondoka ilikokuwa. Laiti wangetuambia mapema, mwenye mgonjwa angempigia simu daktari wake, mwenye kikao angekiahirisha, na mama yule angerudi nyumbani kumpumzisha mtoto. Katika safari nyingine, shirika jingine lilituma ujumbe wa simu saa kumi na moja alfajiri likieleza kwamba mvua ni kubwa Bukoba na kwamba abiria wasifike kiwanjani kabla ya saa tatu. Ucheleweshaji ulikuwa ule ule, lakini hakuna aliyelalamika. Ninapoulizwa ni shirika gani la kupanda kwenye njia hii, siulizii kwanza rangi ya viti wala vitafunio. Ninauliza linawaambia nini abiria wake siku ya mvua.

Jambo la pili la kuulizia ni uzito wa mizigo. Ndege ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria mmoja, na zinazozidi hulipiwa au hubaki zikisubiri ndege nyingine yenye nafasi. Mtu anayekwenda kikazi na begi la nguo mbili hatalihisi hilo. Lakini Bukoba ni mji wa kwenda kusalimia, na salamu za Kagera huja na vitu: kahawa, ndizi za kupika, vanila, na ikifika Novemba na Desemba, senene, wale wadudu wa kuliwa. Anayerudi Mwanza na mkungu wa ndizi ajue kwamba kaunta ya ndege ndogo si mahali pa kujadiliana, kwa sababu uzito hapo ni suala la usalama na unagawanywa kwa hesabu. Msimu wa Krismasi, ambapo Wahaya wengi walio mbali hurudi nyumbani, viti hujaa wiki nyingi kabla, na nauli hupanda kadiri viti vinavyopungua. Anayepanga kwenda wakati huo akate tiketi mapema sana au afikirie njia nyingine.

Njia hizo nyingine nazo zimebadilika, na ndege ya leo haishindani tena na barabara ile ya zamani. Kwa miaka mingi, basi la kutoka Mwanza kwenda Bukoba lilikwama Kigongo likisubiri kivuko cha kwenda Busisi, na kusubiri huko peke yake kungeweza kuchukua muda mrefu kuliko safari nzima ya ndege. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, na sasa magari huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Ninaliona daraja hilo kuwa ndilo badiliko kubwa zaidi lililowahi kutokea katika safari za kanda hii katika kizazi chetu. Lakini tusizidishe sifa: mabasi yanabanwa na kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na hushuka hadi 50 yanapopita kwenye makazi, kwa hiyo kilomita zaidi ya 400 haziwezi kwenda chini ya saa tano hata barabara ikiwa tupu, na kwa vituo vya kushusha, kupakia na kula, abiria aweke saa saba au nane. Daraja limeondoa usumbufu na wasiwasi wa kivuko. Umbali wenyewe umebaki pale pale.

Meli ndiyo ninayoiona kuwa mshindani wa kweli wa ndege, ingawa kwa hesabu ya saa tupu inaonekana kuwa ya mwisho. MV Victoria, iliyoundwa Uingereza na kuunganishwa upya Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na hufika Bukoba asubuhi. Kwa saa, hiyo ni kama mara tatu ya zile saa tatu za ndege. Lakini abiria mwenye kitanda analala njiani, anafika akiwa hajapoteza mchana wowote, na anashuka na mizigo yake yote pamoja na ile ambayo kaunta ya ndege ingeikataa. Kwa mfanyabiashara anayekwenda na bidhaa, au kwa familia yenye watoto, ninaipendekeza meli kabla ya ndege bila kusita. Najua wapo wasioweza kuipanda meli ya njia hii kwa sababu ya kumbukumbu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza na kuua mamia ya watu, wengi wao wakizikwa Igoma. Uchungu huo ni halali, na hakuna tathmini ya ratiba na nauli inayoweza kumwambia mtu aliyefiwa apande chombo gani.

Kuna safari ambazo ndege hii haina mbadala wake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza, na wagonjwa wengi wa Kagera hupelekwa huko. Kwa mgonjwa anayeweza kukaa kwenye kiti lakini asiyeweza kustahimili saa nane za basi, dakika 40 za utulivu juu ya ziwa ni sehemu ya tiba yenyewe, na nimeona familia zikichangishana nauli kwa ajili hiyo hiyo tu. Mashirika yanayohudumia njia hii yangefanya jambo jema sana kama yangekuwa na utaratibu ulioandikwa na kujulikana wa kuwapokea abiria wagonjwa: kiti cha mbele, kiti cha magurudumu hadi kwenye ngazi, na msindikizaji kuruhusiwa kuingia mapema. Kwa sasa hayo hutegemea huruma ya mfanyakazi aliyepo zamu, na huruma hiyo, nikiri kwa shukrani, kwa kawaida ipo.

Mwingine anayefaidika ni mwenye shughuli ya siku moja. Ratiba ikiwa na ndege ya asubuhi na ya alasiri, mtu anaweza kufika Bukoba, kuhudhuria kikao au kesi, na kulala kwake Mwanza usiku huo huo. Barabara haiwezi kumpa hilo, na meli haiwezi. Lakini ratiba za njia hii hubadilika, na siku ambazo kuna safari moja tu kwa siku, hesabu hiyo yote inavunjika: atalala Bukoba hata akitaka asitake, na gharama ya chumba na chakula iongezwe kwenye nauli kabla ya kulinganisha na basi. Hili ndilo swali la kwanza ninalomshauri kila mtu aulize anapokata tiketi, kabla hata ya bei.

Nikitoa uamuzi wangu, naiona huduma ya ndege kati ya Mwanza na Bukoba kuwa nzuri sana kwa kile inachokifanya, na nauli yake kuwa ya haki kwa mgonjwa, kwa mwenye dharura na kwa mwenye shughuli ya siku moja anayeweza kurudi siku hiyo hiyo. Kwa anayekwenda kukaa wiki nzima nyumbani, saa tano anazookoa dhidi ya basi ni chache ukizigawanya kwa siku atakazokaa, na fedha aliyoiokoa itamfaa zaidi akiwa huko. Kwa mkazi wa kaskazini ya Kagera, karibu na Mutukula kwenye mpaka wa Uganda, ninaongeza jambo ambalo watu wachache hulitazama: Entebbe iko kilomita 167 hivi za angani kutoka Bukoba, karibu zaidi hata ya Mwanza, na kwa safari za kwenda nje ya nchi mpaka huo wa barabara unaweza kuwa njia fupi kuliko kuruka kwanza kwenda kusini.

Na kwa yeyote anayeitumia ndege ya Bukoba kama hatua ya kwanza ya safari ndefu, iwe ni kuunganisha Mwanza kwenda Dar es Salaam, Kilimanjaro au nje ya nchi, asiache nafasi ya saa moja au mbili tu kati ya ndege hizo. Katika miezi ya mvua aondoke Bukoba siku moja kabla. Tiketi mbili zilizokatwa kwa mashirika mawili tofauti hazifungamani, na mvua ya alfajiri ikiichelewesha ya kwanza, ya pili haitamsubiri wala hatarudishiwa nauli yake.